Nyanya kwanza jamani, kamba baadae

Juzi dada yangu kanitumia kavideo, "mlo wa dakika kumi", kamba na nyanya, nikasema haya ngoja nione. Mtu kabandika kikaangio, katia mafuta, kamwaga kamba wote pamoja na nyanya mbichi, kafunika, basi. Anafunua huku anatabasamu, kamba wamejikunja kama pete za kidole kidogo, wanaogelea kwenye maji ya pinki. Na watu wanamsifia! Mi roho inaniuma.

Yani mwenye haraka hapo ni kamba, sio nyanya. Kamba ukimpa dakika 3 umempa nyingi, akiwa mdogo hata 2 zinamtosha, ukizidisha nyama inajikaza inakamua maji yake yote na unabaki kutafuna ndala. Nyanya sasa, zaidi ya asilimia 90 ni maji, hayo maji lazima yaondoke na ule ukali wa ubichi uondoke, na haviondoki kwa kuombewa, ni dakika 10 mpaka 15 za moto bila mfuniko. Sasa ukiwatia pamoja unategemea nini? Kama nyanya imeiva kamba ameshakufa mara ya pili, kama kamba yuko sawa basi unakula nyanya mbichi ya moto.

Subiri nyanya isikike. Mwanzo inabubujika kama supu, baadae sauti inabadilika inaanza kuchachatika, mafuta yanajitenga pembeni, ukipitisha mwiko katikati njia inabaki wazi kidogo kabla haijajifunga. Hapo ndio unamwita kamba. Akitoka ukijivujivu akawa pinki na kajikunja kama herufi C, zima, usingoje afike O, maana rojo lenyewe bado lina moto litammalizia.

Na mi sijatoka mbinguni, niliwahi kuwaacha jikoni naongea na mama kwenye simu, stori za ukoo, dakika 20 nzima. Nikawapakulia wageni hivyohivyo kwa ujasiri. Mtoto wao katafuna weee, kaniuliza, "Anti, hii inamezwa au inatemwa?"

Haya, nyanya ya kopo inaharakisha, nakubali kwa shingo upande, imeshapitia moto kiwandani. Kamba wa friza nao hawana ubaya wowote, waloweke kwenye maji baridi wayeyuke halafu wakaushe kwa kitambaa, la sivyo wanachemka badala ya kukaangika. Ule uzi mweusi mgongoni ni utumbo, toa, sibishani na mtu. Ila anayetupa maganda na vichwa ndio ananitia hasira kabisa, chemsha na maji kikombe kimoja wakati kitunguu kinakaangika, chuja, mimina kwenye nyanya ziyanywe hayo. Utamu wote uko kule unakopeleka jalalani.

Nimemwandikia dada yote haya, kanijibu "we nawe, si kala kashiba?" Kesho anakuja kwangu. Kamba nimeshawashusha kutoka friza, na nyanya nabandika kabla hajapiga hodi.