Kahawa ya Barafu Haitaki Mashine, Inataka Kahawa

Binti wa dada yangu kaniomba nimchangie anunue mashine ya espreso, ile kahawa nzito ya Kiitalia. Si kwa biashara. Anataka tu anywe late ya barafu, yaani espreso na maziwa baridi juu ya barafu, nyumbani, hapa hapa Chumbageni, Tanga, kwa sababu kaskazi imetukaba na glasi moja ya mjini bei yake inanunua sahani ya pilau na soda juu. "Mamdogo, bila mashine haiwi. Kila mtu mtandaoni anasema hivyo." Nimemkatalia, na si kwa ubahili. Nimekasirishwa na hao wasemaji, maana wanawasukumia watoto wetu mashine za plastiki zilizoandikwa "bar 15" ubavuni, kipimo cha msukumo wa maji, halafu hawasemi neno hata moja kuhusu kahawa itakayotiwa humo.

Tuanze na hizo bar 15, tumalizane nazo. Espreso hutoka kwa msukumo wa bar 9 hivi, maji yakiwa na nyuzi tisini na kitu, kwa muda wa sekunde 25 mpaka 30. Hiyo 15 ni nguvu ya mwisho ya pampu, haiongezi ladha yoyote kikombeni. Tena hata bar 9 zenyewe ni mambo ya juzi. Luigi Bezzera alisajili mashine yake kule Milano mwaka 1901, na kwa miongo kadhaa Waitalia wakanywa espreso iliyosukumwa na mvuke peke yake, bar moja na nusu hivi, bila lile povu la rangi ya asali. Povu lilikuja na mashine za wenzo za Achille Gaggia mwishoni mwa miaka ya 1940. Kabla yake, mwaka 1933, Alfonso Bialetti alishatoa lile birika dogo la alumini linaloitwa moka, na mpaka leo ndilo linalokaa jikoni kwa Waitalia wengi, msukumo wake mdogo vilevile. Na hilo povu, ukishamwaga espreso kwenye maziwa baridi na barafu, linapotea. Unatoa laki kadhaa kununua kitu ambacho hakifiki mdomoni.

Kinachoharibu kahawa ya barafu ya nyumbani ni maji. Hapa ndipo ninapotaka watu wanisikilize, kwa sababu sijaona video hata moja inayolisema.

Barafu si pambo la glasi, barafu ni maji yanayosubiri. Hesabu yake ni ileile tuliyofundishwa sekondari: gramu moja ya barafu ili iyeyuke inameza kalori 80. Sasa chukua kahawa ya moto mililita 60, tuseme ina nyuzi 80, uimwage juu ya barafu. Mpaka ifike sifuri itatoa kalori 4,800, yaani 60 mara 80. Gawa kwa 80. Gramu 60 za barafu zimekwisha kuwa maji. Yaani kahawa yako imeongezewa maji sawa na ujazo wake wote kabla hujaitia maziwa, kabla hujakaa kitini, kabla joto la Tanga halijaanza kazi yake kwenye glasi. Ndiyo maana mtu anapika kahawa nzuri, anaionja moto anafurahi, anaitia barafu, kisha anakunywa kitu chenye ladha ya maji yaliyosuuziwa sufuria. Anadhani kakosa mashine. Mashine ya milioni tatu ingempa matokeo yaleyale, maana barafu haijui kahawa imetoka wapi.

Dawa ipo na haina gharama. Kahawa ikishatoka jikoni, weka kikombe chake ndani ya bakuli la maji ya bomba na ukikoroge. Maji ya bomba ya hapa si baridi, sawa, lakini kwa dakika chache yanaishusha kahawa kutoka nyuzi 80 mpaka thelathini na kitu, na hapo barafu itakayoyeyuka ni gramu ishirini na kitu badala ya sitini. Tofauti hiyo utaionja mwenyewe. Njia bora kuliko hiyo ni kugandisha kahawa yenyewe: kahawa nzito iliyobaki asubuhi itie kwenye trei ya friza, kesho yake ndiyo barafu yako. Ikiyeyuka, inayeyuka kuwa kahawa. Umeme ukikatika mchana kutwa, rudi kwenye bakuli la maji.

Na kahawa iwe nzito tangu mwanzo. Hili nalo watu wa Tanga hatukupaswa kufundishwa na mtu wa mtandaoni. Pita Ngamiani jioni, barabara yoyote, utamkuta muuza kahawa na dele lake, lile birika la kahawa, juu ya makaa, vikombe vinagongana mkononi. Mwangalie anavyomimina: kahawa inashuka nyeusi, nzito, na kikombe chenyewe kidogo, unakunywa kwa mafunda mawili matatu pamoja na kipande cha kashata. Kikombe kidogo cha kahawa kali, kinachonyweka kwa dakika mbili umesimama au umekaa barazani na watu. Wazee wetu wamekunywa hivyo miaka yote, na leo tunaambiwa kahawa nzito ni jambo la kununuliwa kwa laki tano.

Nikubali moja, shingo upande. Kahawa ya dele imechemka muda mrefu, ina uchungu wa kukaa motoni, na ukiichanganya na maziwa baridi uchungu huo unabaki peke yake mbele. Kwa hiyo ya nyumbani usiiache ichemke. Unga wa kahawa gramu 20, ni kama vijiko vinne vya chakula vya kusawazisha, na maji mililita 150. Tia kwenye sufuria ndogo au dele, moto wa wastani. Povu likianza kupanda pembeni na kukutana katikati, epua. Ngoja dakika nne unga utulie. Chuja kwa kitambaa cha pamba, na kitambaa hicho kifuliwe kwa maji ya moto tu, kisiguswe na sabuni yenye manukato. Usidharau kuchuja, kwa sababu mashapo kwenye kinywaji cha moto yanatulia chini, lakini kwenye glasi ya barafu inayokorogwa kila mara yanakufuata ulimini mpaka funda la mwisho. Unga utanyonya maji karibu mara mbili ya uzito wake, utapata kama mililita 100 hivi. Hizo ni glasi mbili. Mwenye moka atumie moka, itamrahisishia, wala haigharimu hata robo ya mashine.

Sasa kahawa yenyewe, ambayo ndiyo roho ya maneno yangu yote.

Nchi hii inalima kahawa ya aina ya arabika Kilimanjaro, Arusha, Mbeya, Songwe, na Mbinga kule Ruvuma. Inalima aina ya robusta Kagera. Na milima ya Usambara ambayo tunaiona kila tukipanda basi la Lushoto ina kahawa. Wajerumani walianza kuipanda Usambara Mashariki miaka ya 1890, mkonge haujawa mfalme wa mkoa huu. Buni karibu yote tunaiuza nje, halafu jikoni kwetu tunaweka kopo la unga wa kukoroga na kusema kahawa haina ladha. Inaniuma. Mkulima anapalilia mti miaka mitatu kabla haujampa tunda la maana, na sisi tulio safari ya siku moja kutoka shambani kwake hatujui hata kahawa mbichi inanukaje ikikaangwa.

Kwa late ya barafu mimi ni mtu wa robusta, na najua wapenzi wa arabika ya Kilimanjaro watanuna. Arabika ile ina uchachu mzuri na harufu ya maua, lakini harufu hupanda na mvuke; ukiipoza nyuzi sifuri na kuifunika kwa maziwa, nusu ya uzuri wake hutausikia. Robusta ina mwili, ina uchungu unaosimama mbele ya maziwa, na kafeini yake ni karibu mara mbili. Waitalia wenyewe huichanganya kwenye espreso zao nyingi. Wahaya walijua thamani ya tunda hili kabla ya wote hawa: walilichemsha, wakalikausha na kumpa mgeni atafune. Changanya nusu kwa nusu ukitaka amani nyumbani, ila robusta isikosekane.

Ikiwezekana, kaanga mwenyewe. Kikaango kizito, moto wa mkaa wa wastani, mwiko usisimame. Buni itapita kwenye kijani, njano, hudhurungi, kisha utasikia punje zinapasuka moja moja. Mpasuko huo ukishapungua, hesabu dakika mbili hivi, mwaga kwenye ungo na upepete mpaka ipoe. Iache siku mbili tatu itoe hewa ya ukaa iliyojaa ndani, ndipo uitwange. Na twanga ya kutumia siku hiyo tu, kwa sababu unga uliotwangwa wiki iliyopita umekwisha kuiachia harufu yake kwenye kabati.

Kahawa ya kukoroga nayo nitaipa haki yake. Ile inayotengenezwa Bukoba ni kahawa yetu, na ina kinywaji chake cha barafu kinachoheshimika: Wagiriki wamekuwa wakiitikisa na maji baridi na sukari tangu mwaka 1957, ilipoanzia Thessaloniki, na povu lake ni zito kweli. Lakini kiitwe kwa jina lake. Mkahawa mmoja hapa mjini umeniletea unga uliokorogwa, ukaniandikia late kwenye risiti, na nilipouliza nikaambiwa hakuna tofauti. Ipo, na mteja analipa ili apewe.

Sukari huyeyuka kwa shida kwenye baridi, kwa hiyo usitie sukari ya punje kwenye glasi. Chemsha kikombe cha sukari na kikombe cha maji, ponda iliki nne humo, ukaipoze. Shira hiyo inakaa kwenye friji wiki mbili bila neno. Anayetaka tangawizi aichemshe ndani ya shira hiyohiyo, asiitie mbichi kwenye maziwa: tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokatisha maziwa, na moto ndio unaokiua.

Maziwa, hapa Tanga sina la kulalamika. Tumezungukwa na ng'ombe wa maziwa na kiwanda cha Tanga Fresh kipo mlangoni. Nunua yenye mafuta yake kamili. Tui la nazi linafaa pia ila likipata baridi mafuta yanaganda vipande, basi litikise kwanza na kahawa ikiwa bado vuguvugu. Kahawa nzito kwenye maji ya dafu, bila maziwa, jaribuni mchana wa Februari. Krimu ya kopo na shira ya karameli siyajadili.

Ninalo ombi kwa wenye maduka ya Ngamiani na Mgandini mnaotusagia kahawa. Pakiti zenu zinaandikwa mwisho wa matumizi, na mara nyingi ni mwaka mzima mbele. Tarehe hiyo hainiambii kitu. Nataka kujua ilikaangwa lini, maana ya wiki hii na ya miezi mitano iliyopita mnaziuza bei moja kwenye rafu moja. Andikeni siku ya kukaanga. Kalamu ya wino mzito inatosha, nasi tutajua tunachukua ipi.