Mkanda Haukubebei Mgongo

Jumatano jioni dogo mmoja alitoka jimu akiwa ameushika ukuta. Mkono wa kulia ukutani, wa kushoto kiunoni, na mkanda mpya wa ngozi bado umembana tumboni, maana alishindwa hata kuinama kidogo autazame aufungue. Nikamfungulia mimi. Ana wiki ya tatu tangu aanze tizi. Mkanda ule alikuwa ameuziwa saa moja kabla, palepale kaunta, na maneno aliyopewa pamoja nao niliyasikia kwa masikio yangu: "Vaa huu dogo, mgongo wako ushakuwa salama. Ongeza chuma." Wiki iliyotangulia alikuwa akipiga skwati, yaani kuchuchumaa na kuinuka na chuma mabegani, ya kilo 60 na magoti yakimtetemeka. Siku hiyo wakampandishia 90. Alishuka, akafika chini, kiuno kikakunjika, na sauti aliyoitoa akiinuka bado ninayo masikioni.

Jimu silitaji, wala aliyemuuzia simtaji, kwa sababu maneno hayo ningeweza kuyakuta jimu yoyote kuanzia Mbagala hadi Tegeta. Hilo ndilo linalonikera zaidi. Tumeyasikia mara nyingi mpaka yamekuwa kama elimu: mkanda unashika mgongo, kwa hiyo mwenye mkanda aongeze. Watu wazima, wenye miaka kumi kwenye chuma, wanayarudia mbele ya vijana wanaowaamini.

Mkanda haushiki mgongo. Naomba tuelewane hapa kabla ya kwenda popote.

Angalieni baiskeli ya muuza mkaa ikipanda kilima na magunia mawili nyuma. Mzigo ule unabebwa na upepo uliojazwa ndani ya tairi, na mpira kazi yake ni kuuzuia upepo usitanuke ukapotea. Toa upepo, uache mpira uleule, hata uwe mpya wa dukani, uone kama rimu haitagusa lami. Mwili wako chini ya chuma uko hivyohivyo. Unavuta pumzi, unaishusha chini kabisa mpaka kiuno kitanuke mbele, ubavuni na nyuma, halafu unakaza tumbo kama mtu anayesubiri ngumi. Ndani panajaa shinikizo, na shinikizo hilo linauegemeza uti wa mgongo kutokea mbele, mahali ambapo hakuna mfupa wa kuusaidia. Mkanda unakuja mwisho. Tumbo linausukuma, wenyewe unakataa, shinikizo linapanda kuliko ambavyo lingepanda bila mkanda, na ndiyo maana mnyanyuaji mzoefu akiuvaa anaongeza kilo kadhaa. Hiyo ndiyo kazi yake yote. Asiyejua kusukuma amejifunga kipande cha ngozi, na juu ya ngozi hiyo ameongezewa ujasiri ambao mgongo wake haujaufikia. Dogo wa Jumatano alipewa mpira bila upepo, kisha akabebeshwa magunia.

Na mtu akitaka kuona jinsi tulivyoielewa vibaya kazi hiyo, aitazame mikanda yenyewe inayoning'inia kwenye misumari ya jimu zetu. Mingi ni ile mipana mgongoni, halafu ikifika mbele inasinyaa mpaka inakuwa kama ya suruali. Upana wote umewekwa nyuma, kule ambako wenye kuamini kwamba mkanda unashika mgongo wanadhani kazi inafanyika. Tumbo, ambalo ndilo linalosukuma, limeachiwa upande mwembamba. Kwenye paualifti, mashindano ya kunyanyua chuma kizito ambako watu wanahesabu kila kilo, mkanda una upana uleule kuzunguka kiuno chote, na kanuni za shirikisho lao la kimataifa zinaruhusu usizidi sentimita 10 kwa upana na milimita 13 kwa unene. Wanyanyuaji wa Olimpiki wanaruhusiwa hadi sentimita 12 za upana. Sijasema kila mtu akanunue wa milimita 13, maana ule ni mgumu kama ubao na bei yake ni ya kulia. Wangu alinishonea fundi viatu, ngozi mbili zilizounganishwa, upana mmoja mwanzo mpaka mwisho, na una mwaka wa sita.

Mimi haya sikuyajulia jimu. Baba yangu mdogo alikuwa kuli soko la Mabibo, akishusha viazi kutoka kwenye mafuso ya Njombe. Mnajua lumbesa. Gunia linalotakiwa lisizidi kilo 100 linaongezwa kichwa juu mpaka halifungiki, na mtu mmoja analiweka mabegani akatembea nalo juu ya ubao mwembamba kutoka kwenye bodi la gari hadi chini. Nilikuwa nampelekea chai alfajiri, nikawa nasimama kumtazama. Kabla ya gunia la kwanza alichukua kanga kuukuu ya mama mdogo, akaikunja mara tatu, akaizungusha kiunoni na kuikaza kwa nguvu. Halafu alisimama kimya. Alivuta pumzi moja ndefu, nikaiona kanga ikituna pande zote, ndipo akaingia chini ya gunia.

Siku moja nilimuuliza, "Baba, hiyo kanga ndiyo inakusaidia kubeba?" Akaniambia, "Hapana mwanangu. Kanga inanionyesha tumbo langu limejaa au halijajaa. Likiwa halijajaa, siingii." Alikuwa hajui neno hata moja la vitabu vya mazoezi. Alifanya kazi ile hadi ndevu zikaingia mvi, na mgongo wake ulikuwa umenyooka kuliko wa wengi wetu tunaokaa ofisini. Kuna wenzake walioumia, tena vibaya, na sitaki kuipamba kazi ile, kwa sababu hakuna binadamu anayestahili kubebeshwa lumbesa. Ila pumzi ile ilikuwa elimu kamili. Na mama zetu walikuwa nayo kabla yake. Anayejifunga kibwebwe kabla ya kushika mchi au jembe haamini kwamba kitambaa kitamtwangia. Tunausema msemo huo kila siku, kisha tukiingia jimu tunausahau.

Wapo watakaoniambia kuwa haya ni maoni ya mtu mmoja aliyelelewa sokoni. Basi twende Marekani. Mwaka 1994 taasisi yao ya usalama na afya kazini ilitamka kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuwa mikanda ya mgongo inamkinga mfanyakazi mwenye afya asiumie. Baadaye wakafuatilia maelfu ya wafanyakazi wanaopanga na kubeba bidhaa kwenye maduka ya Walmart, na matokeo yakatoka mwaka 2000: waliovaa mikanda kila siku hawakuwa na nafuu kuliko wasiovaa, si kwa maumivu ya mgongo wala kwa madai ya fidia. Nakubali, mikanda ile ilikuwa laini ya kitambaa, na kupanga makatoni si skwati. Mtu akinibana hapo atakuwa na hoja. Lakini ahadi iliyopimwa pale ndiyo ileile aliyopewa dogo, kwamba kuuvaa tu kunatosha kukukinga.

Sasa niwageukie wale wa upande wa pili, kwa sababu nao wamekuwa wakinipongeza kila nikiyasema haya, na pongezi zao sizitaki. Ninyi mnaosema mkanda ni wa wazembe, kamba za mikono, zile za kufungia mkono kwenye chuma usiteleze, ni za wazembe, mwanaume wa kweli anabeba mikono mitupu. Mwingereza Eddie Hall alipong'oa kilo 500 kutoka chini kule Leeds mwaka 2016, alikuwa na mkanda kiunoni na kamba mikononi, na baada ya kuishusha damu ilimtoka puani. Hafthor Björnsson wa Iceland alipoongeza kilo moja juu ya hiyo mwaka 2020, naye alikuwa navyo. Kamwiteni mmoja wao mzembe. Mimi mwenyewe nikipita kilo 140 kwenye dedilifti, huko kung'oa chuma kutoka chini, nauvaa mkanda, na nitaendelea kuuvaa. Kinachonisumbua ni mpangilio tu. Wale walijenga mwili kwanza kwa miaka, vifaa vikaja juu yake.

Kuhusu kamba nitasema kwa ufupi. Kama mgongo na miguu bado vina nguvu lakini vidole vimeachia, vaa kamba umalizie seti yako. Zangu nimekatiwa kwenye mkanda wa siti wa gari bovu na hazijawahi kuniangusha. Ila ukivaa kamba tangu seti ya kwanza ya kupasha, usishangae siku ukiingia mashindano ya paualifti, ambako haziruhusiwi, mikono yako ikakataa kilo ambazo mgongo unaziweza. Bandeji za magoti ni za wanaojua kwa nini wanazivaa, na anayeanza hajui. Za vifundo vya mikono, kama kifundo kinauma kwenye benchi, unaposukuma chuma ukiwa umelala chali, kwanza angalia unavyokishika. Na tafadhali, acheni kupiga skwati mkiwa mmevaa raba za kukimbilia zenye soli laini kama godoro. Miguu peku ni bora mara kumi.

Kuna jambo moja silisikii likisemwa kabisa, nalo linaweza kumuua mtu. Pumzi hii ninayoihubiri, unayoishikilia chini ya uzito mkubwa, inapandisha presha vibaya sana. Mwaka 1985 watafiti waliwapima wajenga misuli watano ndani ya mishipa yenyewe wakati wakisukuma mzigo mzito kwa miguu yote miwili, na wastani ukafika 320 kwa 250. Mmoja alivuka 480. Kwa kijana mwenye afya inapanda kwa sekunde chache na kushuka. Kwa mzee wa miaka 55 ambaye tayari anameza dawa za presha, na jimu zetu zinawapokea kila Januari bila kuwauliza chochote, hiyo ni hatari ya kweli, na mkanda haumpunguzii hata kidogo. Huyo akaongee na daktari wake kwanza, abebe uzito mwepesi, na atoe pumzi wakati wa kusukuma. Mwalimu wa jimu asiyeuliza "Mzee wangu, una presha?" kabla ya kumpa chuma hastahili kuitwa mwalimu. Nimelisema hili mbele ya walimu wawili, na nitalisema tena.

Nimerudi kwa dogo. Ijumaa nilikwenda kwao. Daktari amemwambia ni msuli, apumzike wiki mbili na asibebe hata ndoo ya maji. Mama yake aliniuliza kama aache kabisa mazoezi, na nilimuomba asimwachishe. Tulitandika mkeka sebuleni, nikamlaza chali, magoti juu, mikono yake mwenyewe nikaiweka pande mbili za kiuno. Pumzi za kwanza ziliishia kifuani. Alikuwa hajawahi kuambiwa kwamba zinaweza kwenda kwingine. Baada ya dakika kumi hivi vidole vyake vikaanza kusukumwa nje, akanitazama kwa mshangao, na mama yake aliyekuwa anapepeta mchele pembeni akasema, "Si ndivyo tulivyofundishwa kusukuma siku ya kuzaa?"

Mkanda wake ninao mimi, nimeutundika nyuma ya mlango wangu. Tumekubaliana akipona tunaanza na chuma kitupu cha kilo 20, viganja vyangu vikiwa ubavuni mwake, na kila wiki tunaongeza kidogo. Siku atakayopiga 90 mara tano bila kitu kiunoni, na viganja vyangu vikasukumwa kila mara kabla hajashuka, nitamrudishia. Nadhani itakuwa karibu na Krismasi.