Titaniamu na moto mdogo: anayeumia ni jirani yake

Mshkaji wangu hapa Tanga ana fremu ya baiskeli ya titaniamu, ile metali nyepesi, mtumba, shemeji yake alimletea kutoka Ujerumani, na tangu juzi haiachi hata juani. Ilianza hivi, bomba la siti la alumini limegandia ndani ya fremu, fundi akatoa tochi ya gesi alipashe, mzee mmoja pale kijiweni akaruka, "we weee, titaniamu haichomwi hiyo, itakatika kama kioo!" Ubishi ukawaka mpaka chai ikapoa.

Mimi nasema wote wawili wana haki, ila wanaongelea moto tofauti.

Tuanze na moto mdogo. Jua la mchana, buti la gari lililofungwa, maji yanayochemka, hata oveni ya kuivishia rangi ya unga ambayo inacheza kwenye digrii 200 hivi, hapo titaniamu haina habari kabisa. Inayeyuka kwenye 1,668. Mabomba ya fremu nyingi ni mchanganyiko wenye alumini asilimia 3 na vanadiamu 2.5, na kiwandani yakishavutwa yakiwa baridi yanaingizwa tanuru la digrii zaidi ya 300 ili kutoa msongo, yaani hiyo fremu ishapikwa kabla hujaijua. Na ile ndege ya Wamarekani, SR-71, mwili wake karibu wote titaniamu, ilikuwa inaruka zaidi ya mara 3 ya mwendo wa sauti na ngozi yake inafika digrii kama 300, ikirudi inapoa, kesho inaruka tena.

Ila ndege hiyohiyo ndiyo inampa mzee pointi. Mafundi wa Lockheed, kampuni iliyoiunda, walikuta vichwa vya bolti za titaniamu vinakatika vikishapata moto, kuchunguza wakagundua spana zao zilikuwa zimepakwa kadmiamu, metali ya kuzuia kutu, na kadmiamu kidogo tu ikibaki kwenye bolti halafu joto likaja, basi. Kwa hiyo joto ambalo peke yake halifanyi kitu, likikutana na uchafu fulani linaua. Chumvi nayo ina tabia hiyo, sisi wa pwani tuisikie vizuri, lakini inahitaji digrii zaidi ya 250 na titaniamu iwe imebanwa muda mrefu, sasa baiskeli yako utaifikishaje huko kwa kuiegesha ufukweni Raskazone?

Moto wa tochi ndio mwingine. Kuna vijana wanachoma bolti za titaniamu zipate ile rangi ya bluu, kweli zinapendeza. Ukiona njano ya majani makavu ujue ushapita 300, bluu ni juu zaidi. Rangi yenyewe ni utando mwembamba sana wa oksidi, hauna shida. Shida ni mkono kuzidi, ukienda 600 na kupanda oksijeni inazama ndani na kufanya gamba gumu linalopasuka, ndiyo maana wachomeleaji wa titaniamu wanaendelea kuifunika kwa gesi ya agoni, hewa isiiguse, mpaka ipoe, hata baada ya kumaliza kuchoma. Halafu bolti nzuri thredi zake zimefinyangwa kwa kuviringishwa, ule mfinyo ndio unaozuia nyufa, moto mkali unaulegeza. Bolti ya kushikia chupa ya maji choma tu upendavyo. Ya usukani mimi nisingeigusa.

Sasa turudi kwa fundi wetu maana hapa ndipo aliponikera, si kwa sababu ya titaniamu. Bomba la siti lina kipenyo cha milimita 27.2, ongeza digrii 100, alumini inatanuka kama 0.06 ya milimita na fremu 0.02 tu. Unapasha ili kitoke, kumbe unakikaza! Na titaniamu inapitisha joto kwa shida, wala haifikii sehemu ya kumi ya alumini, kwa hiyo moto unakaa palepale unapoelekeza, rangi inaungua, stika inaungua, ukija kushtuka alumini ya ndani ishapita 200 na uimara wake unaanza kwenda, maana inakomazwa kwenye oveni ya digrii 170 hivi. Ingekuwa kaboni, zile nyuzi zilizogandishwa kwa gundi, ndio ungelia kabisa, gundi yake inalainika mapema.

Ukishuka Lushoto mpaka Mombo kwa breki za diski ni vilevile, bolti za titaniamu zinazoshika diski hazijali, kinacholegea ni ile gundi ya kwenye thredi, na mafuta ya breki yakichemka utaijua siku hiyo.

Kwa hiyo tukamwambia fundi azime. Tukageuza baiskeli miguu juu, mafuta ya kupenya usiku mzima, asubuhi tukaenda soko la Deep Sea kwa wauza samaki kuchukua barafu, tukaifunga na gunia kwenye bomba. Kusinyaa kwenyewe ni kudogo, wala sidanganyi, ila angalau kunavuta upande unaotakiwa. Tumebana siti kwenye jiliti, watu wawili tunazungusha fremu yote kama usukani wa lori. Jana jioni limelia kreee na kusogea kama robo ya mzunguko, mzee akasema "si niliwaambia." Leo tumefuata barafu nyingine.