Umeme upo Rufiji, jikoni bado mkaa

Bwawa la Julius Nyerere, la kuzalisha umeme kwenye mto Rufiji, Tanzania, limekamilika: mashine tisa, kila moja megawati 235, jumla megawati 2,115, kwa takriban shilingi trilioni 6.5. Fedha hizo zilitumika vizuri. Ila sasa bajeti ya nishati ihamie kwenye mita mia chache za mwisho, kati ya transfoma na jiko.

Tunajivunia vijiji 12,318 vilivyofikiwa na umeme. Kijiji huhesabiwa kimefikiwa laini ikifika, lakini vitongoji vya nchi hii vinazidi 64,000. Mara nyingi transfoma husimikwa jirani na shule na ofisi ya kijiji, kisha waya unavutwa kadiri nguzo zilivyobaki.

Chukua laini ya njia moja (singo fezi, ya umeme wa kawaida wa nyumbani), waya wa aluminiamu wa milimita za mraba 50, urefu kilomita moja. Ukinzani ni takriban omu 0.6 kwenda na 0.6 kurudi. Saa moja usiku nyumba za mwisho zikivuta ampea 30 kwa pamoja, volti 36 zinapotea njiani. Kutoka 230 zinabaki 194. Taa zitawaka. Friji yaweza kunguruma bila kuanza, na mota yake ikaungua. Jiko la presha la umeme la wati 1,000 litatoa kama 710 tu, maana nguvu ya hita hupungua kwa mraba wa volti. Mama akiona maharage yanachelewa kuiva anarudi kwenye mkaa, na hana kosa.

Dawa yake inajulikana: transfoma ndogo nyingi katikati ya makazi, laini isizidi mita 500, waya mnene zaidi. Na njia tatu (thrii fezi, umeme wa mashine kubwa) zifike kwenye mashine za kusaga. Mota ya kilowati 15 haiendeshwi kwa njia moja ya kijijini, hivyo mwenye mashine anabaki na dizeli yake, na TANESCO, shirika la umeme, inamkosa mteja ambaye angetumia umeme mchana kutwa.

Ada ya kuunganishwa kijijini ni shilingi 27,000, nafuu ya kweli. Wayaringi ndio mlima: waya, soketi, mainswichi, fimbo ya ethi na fundi mwenye leseni. Kifaa cha UMETA (Umeme Tayari), kibao chenye swichi na soketi zilizokwisha kuungwa, kinasaidia nyumba ndogo isiyo na wayaringi, na kingestahili kugawiwa kwa mkopo unaokatwa kidogo kidogo kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla.

Halafu bei. Mteja mdogo hulipa shilingi 100 kwa uniti (kilowati-saa moja), kabla ya kodi na tozo, hadi uniti 75 kwa mwezi. Zinazozidi ni 350. Ukomo huo unatosha taa, televisheni na pasi. Familia ikianza kupikia umeme kila siku na friji ikiwa imewashwa, inauvuka, na adhabu ni zaidi ya mara tatu. Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Basi EWURA, mamlaka inayopanga bei za umeme, ipandishe ukomo hadi uniti 120 kwa kaya za vijijini, na fidia ya tofauti iandikwe wazi kwenye bajeti ya Wizara ya Nishati.