Muhogo shambani, dalali mlangoni

Machungwa yakianza kuiva Muheza, mkoani Tanga, dalali huwahi. Hupita chini ya miti akitazama juu, hutaja bei ya shamba zima matunda yakiwa bado mtini, kisha hunyamaza. Anajua kunyamaza kwake kunalipa: unga ndani kwa mkulima umeisha, na chungwa halingoji.

Humkumbuka dalali huyo kila nisikiapo watu wakihimizana kwamba kijiji kilime chakula chake, kisitegemee lori. Tanga ina sababu ya kuwasikiliza. Mkonge uliingia hapa mwaka 1893, ukameza ardhi, na manamba, vibarua wa mkataba waliokuja kuukata, walilishwa posho ya unga. Kamba za nailoni zilipoangusha bei miaka ya 1960, hakuna aliyeweza kutafuna katani.

Wanaobisha nao si wajinga. Mchungwa unaezeka bati na kununua daftari za mtoto. Nusu ekari ya mahindi haifanyi hivyo. Vuli ikikataa, anayekula cha shambani kwake tu hulala njaa, wakati mwenye fedha ananunua mahindi yaliyotoka mikoa mingine. Chumvi haioti. Na wahimizaji wa bustani mara chache husema jembe litashikwa na nani (kwa kawaida ni mama, baada ya kazi nyingine zote).

Hata hivyo naegemea kwenye kulima, kwa sababu ya muhogo. Ukishakomaa unaweza kubaki ardhini miezi kadhaa, ukichimbwa shina mojamoja. Ni ghala lisilohitaji kufuli, ingawa nguruwe pori wanalijua. Mwenye robo ekari ya muhogo anaweza kumwambia dalali, "Bei hiyo hapana, pita wiki ijayo." Soko hajaliacha, ameacha tu kuliendea akiwa na njaa.

Lakini kujitegemea huko kuna mahali kunapogotea. Ugonjwa wa michirizi kahawia ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza Amani, humuhumu wilayani Muheza, miaka ya 1930. Majani yanaweza kukudanganya yakaonekana mazima, kumbe muhogo umeoza ndani, mkavu kama kizibo. Virusi vyake huenezwa na inzi weupe, na pia na pingili za kupandia tunazoombana jirani kwa jirani, bure, kwa wema. Desturi hiyohiyo tunayoisifu ndiyo inayotembeza ugonjwa. Macho hayapimi virusi. Mbegu safi lazima ianzie kwa watafiti, na hapo kijiji kinamhitaji mtu wa nje, kitake kisitake.

Mara ya mwisho nilipokwenda kumwamkia shangazi nilimkuta shambani. Aling'oa shina la kwanza, akaupasua muhogo kwa panga: kahawia tupu. Akautupa. Wa shina la pili ulikuwa mweupe. Akaumenya palepale, akanikatia kipande, akaniuliza kama njiani nimepishana na lori la machungwa.