Umaskini Peke Yake Hauzai Wezi

Nilipoporwa simu Yeoville, hapa Johannesburg, kijana aliyenishikia kisu alichomoa laini akanirudishia. Kisha akaondoka akitembea. Hakukimbia hata hatua moja. Watu walijaa pande zote mbili za barabara, na hakuna aliyeinua macho.

Nina miaka tisa hapa Sauzi, na kutembea kule kunanirudia kila ninapomsikia mtu wa nyumbani akisema uhalifu unaletwa na umaskini, basi. Ingekuwa hivyo, Temeke nilikokulia isingepitika. Pato la mtu mmoja Afrika Kusini ni karibu mara tano ya la Mtanzania, na idadi ya watu wao inakaribia yetu, milioni 60 na ushee. Lakini kwa hesabu za polisi wao wenyewe, mwaka 2022/23 waliuawa watu zaidi ya 27,000. Ni kama 75 kila siku.

Nenda Alexandra, mtaa wa makabwela hapa Johannesburg, ukajionee. Vibanda vya mabati vimebanana, choo kimoja wanagombea familia kadhaa, na ng'ambo ya barabara kuu ya M1 yamesimama maghorofa ya vioo ya Sandton. Kijana wa pale anaamka anayatazama, analala anayatazama. Kati ya kila watu 100 walio kwenye soko la ajira nchini humu, zaidi ya 30 hawana kazi. Kwa walio chini ya miaka 25 ni zaidi ya nusu. Shamba la kurudia hana, kwa sababu sheria ya ardhi ya mwaka 1913, iliyowazuia Weusi kununua ardhi sehemu kubwa ya nchi, ilishawafungia babu zake njia. Kwetu aliyekwama mjini anasukuma mkokoteni, anakaanga chipsi, anaendesha bodaboda ya mtu kwa hesabu ya siku, na akishindwa kabisa anarudi kijijini kulima mihogo. Ni riziki ndogo mno, lakini inampa mtu sababu ya kutoka nyumbani asubuhi.

Hata historia ya hapa inaonyesha hivyo. Baada ya 1994 mauaji yalipungua mwaka hadi mwaka, na miaka ya 2000 uchumi ulikuwa unakua. Uchumi ulipodorora katika muongo uliofuata, yakaanza kupanda tena. Sisemi uchumi ndio kila kitu; bunduki zimezagaa mno, na wengi wameshakata tamaa na polisi. Ila penye pengo kubwa kiasi hiki na vijana wengi kiasi hiki wasio na la kufanya, askari atakamata mpaka achoke.

Na nyumbani tusijisifu. Temeke yule kijana angekimbia, maana mtu mmoja angepiga ukelele wa "Mwizi!" na mtaa mzima ungetoka. Nikiwa darasa la sita nilimwona mmoja aliyefikiwa, nyuma ya soko. Alikuwa amebaki na kandambili moja mguuni, na tairi lilikuwa bado linafuka moshi. Tulisema ameiba kuku. Utulivu wetu una watu kama huyo ndani yake, na mimi siwezi kuusimulia bila kumtaja.

Genge la Panya Road lilipoitikisa Dar mwaka 2015, na tena 2022, nilikaa na simu usiku nikisoma. Vijana wadogo, mapanga mkononi. Watu walidai misako, na misako ikafanyika. Waliouliza vijana wale walikuwa wanashinda wapi mchana kutwa niliwaona wachache sana, nami nililala na uchungu.

Mwezi uliopita mdogo wangu alinitumia picha ya nyumba yake mpya Goba. Ukuta umepita madirisha, na juu yake kuna nyaya za umeme kama hizi za huku. Nilimuuliza, pale mtaani unafahamiana na nani? Akanitajia jina la mlinzi.