Hafs dhaifu kwenye hadithi, mbona kisomo chake ndo tunachosoma?

Hili swali linarudi kila siku na wengi wetu tunaishia kumkasirikia aliyeuliza. Misahafu ya madrasa zetu karibu yote ni riwaya ya Hafs, yaani kisomo cha Qurani alichopokea kutoka kwa mwalimu wake Asim, imamu wa Kufa aliyefariki mwaka 127 Hijria. Sasa nenda kwenye vitabu vya wapokezi wa hadithi, Hafs huyo huyo anaitwa matruk, yaani hadithi zake hazichukuliwi. Anayehoji anasema, kama humwamini kwenye hadithi ya udhu, Qurani nzima unampaje?

Masheikh wanajibu kila mtu na fani yake. Hafs alikuwa mtoto wa kambo wa Asim, kakaa naye, kamsomea weee, na Dhahabi, mwanachuoni wa wasifu wa wapokezi, anasema kwenye kisomo alikuwa imara, wakati al-A'mash, mpokezi mwingine wa Kufa, ni kinyume chake, hadithi yuko vizuri ila kisomo ndo kalegea. Hata Ibn Ma'in, mkosoaji wa wapokezi aliyemponda Hafs kwenye hadithi amenukuliwa akisema riwaya sahihi ya kisomo cha Asim ni ya Hafs.

Mimi hapo nakubali nusu. Fani inaelezea mtu kusahau, ila wapo waliomtuhumu uongo kabisa, na Shu'ba alilalamika kwamba Hafs kaazima kitabu chake hajarudisha (huyo ni Shu'ba bin al-Hajjaj wa hadithi, sio Shu'ba mwanafunzi mwenzie kwa Asim, watu wanawachanganya sana).

Kwangu jibu zito ni kwamba Hafs hakuwa peke yake. Yupo Shu'ba bin Ayyash kwa Asim huyo huyo, yupo imamu wa kisomo Nafi wa Madina na wanafunzi wake Warsh na Qalun, na wote wanasoma Fatiha ile ile, Asim anavuta "maaliki" Nafi havuti, na vitofauti vidogo kama hivyo. Hata ile Rum aya ya 54 ambayo Hafs kamwacha mwalimu wake akasoma "dhu'f" badala ya "dha'f", maqari wengi wanasoma hivyo hivyo.

Ila kitu kimoja bado kinanikwama. Tunaambiwa Hafs na Shu'ba wanatofautiana kwa sababu Asim alimpa Hafs kisomo cha mwalimu wake al-Sulami kutoka kwa sahaba Ali, na Shu'ba akampa cha mwalimu wake mwingine Zirr kutoka kwa sahaba Ibn Mas'ud, na anayetusimulia hilo ni Hafs mwenyewe.